Ndege ya mabomu iliyopeleka dawa: Simulizi ya XB-15 na injini zilizoiangusha

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani kwa dada yangu nikimalizia habari ya upungufu wa dawa vijijini, simu sikioni, daftari mapajani. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akichora ndege ya vita. Mabomu yalikuwa yakidondoka kama matone ya mvua, mengi mpaka yakajaza ukurasa.

Nilipokata simu akaniuliza bila hata kuinua kichwa: "Mama mdogo, kwani hii haiwezi kupeleka dawa?"

Dada yangu akacheka kutoka jikoni. Nikaanza kumwambia mtoto kwamba ndege ya mabomu ni ya mabomu, kisha nikasita. Anayeandika habari za afya hatakiwi kujibu kwa kubahatisha, hata kama anayeuliza ana miaka tisa. Usiku ule nikaanza kusoma, na ndipo nilipokutana na ndege ambayo watu wachache sana wanaikumbuka. Inaitwa XB-15. Ilitengenezwa Marekani, ikatengenezwa moja tu, na kazi iliyoipatia sifa kubwa ilikuwa kubeba masanduku ya dawa.

Mzazi ambaye mwanao naye anajaza madaftari kwa vifaru na ndege za vita, hii hapa simulizi yenyewe. Ina sehemu nzuri na ina sehemu ngumu.

Chillán, saa tano na nusu usiku

Januari 24, 1939, muda mfupi baada ya saa tano na nusu usiku, tetemeko kubwa lilipiga kusini ya kati ya Chile. Mji wa Chillán, kama kilomita 400 kusini ya Santiago, ulikuwa na nyumba nyingi za matofali ya udongo. Wengi walikuwa wamelala. Kuta ziliporomoka juu ya vitanda.

Hesabu ya waliokufa inatofautiana mpaka leo. Takwimu rasmi za awali zilitaja zaidi ya watu 5,000, lakini makadirio mengi ya baadaye yanafika karibu 30,000. Ni tetemeko lililoua watu wengi kuliko yote katika historia ya Chile. Mji wa Concepción nao uliharibika vibaya.

Tusimame hapa kidogo, maana kwa kazi yangu hapa ndipo penye uzito. Tujiulize hospitali ya mwaka 1939 ilikuwa na nini cha kumsaidia mtu aliyefukuliwa kwenye kifusi.

Penisilini haikuwepo. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo kwa sindano pale Oxford, Uingereza, aliipata Februari 1941, na hata yeye alifariki kwa sababu dawa iliisha kabla hajapona. Dawa za salfa zilikuwa zimeanza kutumika miaka michache tu nyuma. Kidonda kilichoingia udongo kilikuwa hatari kubwa, kwa sababu vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo. Watu wengi wa kawaida hawakuwa wamechanjwa. Kinga iliyokuwepo kwa majeruhi ilikuwa seramu iliyotengenezwa kutokana na damu ya farasi, na ilifaa zaidi ikitolewa mapema kabla misuli haijaanza kukaza. Pepopunda huchukua siku chache hadi wiki tatu kujitokeza, kwa hiyo mtu aliyeonekana mzima siku ya pili angeweza kushindwa kufungua taya wiki iliyofuata.

Mama anayesoma hapa na kadi ya kliniki iko kabatini ataelewa tofauti. Chanjo ya mtoto ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya pepopunda ndani yake, na mama mjamzito huchanjwa ili kichanga kisiupate kupitia kitovu. Tumezoea kiasi kwamba hatufikirii tena. Chillán hawakuwa na kitu hicho.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo madaktari wengi walikuwa hawajaipa jina. Mtu anafukuliwa akiwa hai, anazungumza, anaomba maji, kisha baada ya siku kadhaa figo zinagoma na anakufa. Misuli iliyobanwa muda mrefu hutoa sumu inayoziba figo pale tu mtu anapokombolewa. Maelezo ya kitabibu yaliyoifanya hali hii ijulikane duniani yalichapishwa Uingereza mwaka 1941, baada ya kuwachunguza wakazi wa London waliofukuliwa kwenye nyumba zilizopigwa na ndege za mabomu.

Kisha kuna maji. Mabomba yakipasuka na vyoo vikibomoka, homa ya matumbo na kuhara hufuata. Kwa hiyo dawa na vifaa vinahitajika usiku ule, na bado vinahitajika wiki ya pili na ya tatu.

Meli kutoka pwani ya mashariki ya Marekani ilihitaji zaidi ya wiki mbili kufika Chile. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikuwa na dawa. Jeshi lilikuwa na ndege moja yenye uwezo wa kubeba mzigo mkubwa umbali ule.

Ndege iliyotangulia injini zake

Miaka mitano kabla ya tetemeko, mwaka 1934, Kikosi cha Anga cha Jeshi la Marekani kilitaka kujua kama inawezekana kutengeneza ndege ya kubeba tani moja ya mabomu umbali wa maili 5,000, yaani kilomita 8,000. Wakati huo hilo lilikuwa jambo la ajabu. Nia ilikuwa kulinda maeneo ya mbali kama Hawaii, Alaska na Panama bila kusubiri meli. Kampuni ya Boeing ya Seattle ikapewa kazi.

Wahandisi walichora dubwana. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 45 kutoka ncha hadi ncha, unaokaribia nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Ikijazwa mafuta na mzigo ilifika tani 32. Bawa lilikuwa nene mno hata ndani yake kukawa na njia ambayo fundi angeweza kupita, ndege ikiwa angani, kwenda kuangalia injini kwa nyuma.

Shida ikaanzia hapo hapo kwenye injini.

Ndege ilipangiwa injini kubwa za kampuni ya Allison, zinazopozwa kwa maji na rejeta kama ilivyo kwa gari. Injini hizo zilikuwa bado hazijakamilika. Ndege ikawa tayari, injini hazipo. Boeing wakafunga zilizopatikana: nne za Pratt & Whitney aina ya Twin Wasp, zinazopozwa kwa hewa kama injini ya bodaboda. Kila moja ilikuwa na silinda 14 zilizopangwa kwa duara, safu mbili, nyuma ya pangaboi, na ilitoa nguvu za farasi 850.

Nisieleweke vibaya, Twin Wasp haikuwa injini mbovu. Zilitengenezwa zaidi ya 170,000, na ni miongoni mwa injini za ndege zilizotengenezwa kwa wingi kuliko zote. Wazee waliowahi kupanda Dakota za East African Airways walibebwa na injini za ukoo huo huo, mbili tu kwa kila ndege, na zilitosha. Tatizo lilikuwa mzigo. Injini nne zile, nguvu za farasi 3,400 kwa jumla, zilitakiwa kuinua kitu chenye uzito wa lori kubwa lililojaa. Aliyewahi kuona lori la saruji likipanda Kitonga, msururu wa magari nyuma yake, anaijua hali hiyo. Linapanda, ndiyo, lakini halikimbii.

XB-15 iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 15, 1937, ikirushwa na rubani wa majaribio Eddie Allen. Iliruka vizuri na kwa utulivu. Ila mwendo wake safarini ulikuwa kati ya kilomita 240 na 270 kwa saa, na kwa ndege ya vita hiyo ni kujiweka shabaha. Isitoshe, Boeing hao hao walikuwa wameshatengeneza B-17, ndogo zaidi, nyepesi na yenye kasi. Jeshi likachagua B-17. XB-15 ikabaki peke yake, haina ndugu wala mrithi wa jina.

Vitanda, jiko na choo

Mtoto wa dada yangu alipenda sehemu hii kuliko zote, nami namuunga mkono.

Kwa kuwa ndege ingekaa angani zaidi ya siku nzima, wahandisi walilazimika kufikiria miili ya watu. Wahudumu kumi walifanya kazi kwa zamu. Kulikuwa na vitanda vya kulala, jiko dogo la kupashia chakula, na choo. Mhandisi wa ndege alipewa kituo chake mwenyewe cha kusimamia injini, ili marubani wasichoshwe na saa na mishale yote ile. Injini mbili ndogo za petroli ziliendesha jenereta za umeme, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa ndege za wakati huo. Kulikuwa pia na mtambo wa kushika usukani wenyewe rubani akipumzika.

Leo dereva wa basi la masafa marefu anatakiwa awe na mwenzake wa kupokezana naye, kwa sababu uchovu unaua. Waliochora XB-15 walilijua hilo miaka ya 1930. Mtu asiyelala hufanya makosa, na angani hakuna pembeni pa kuegesha.

Saa 30 hadi Santiago

Mwanzoni mwa Februari 1939, Meja Caleb Haynes na wenzake walipakia dawa na vifaa vya Msalaba Mwekundu katika kambi ya Langley, jimbo la Virginia. Mzigo ulikuwa zaidi ya kilo 1,400, sawa na kirikuu mbili zilizojaa. Wakaelekea kusini, wakatua Panama, wakatua Lima nchini Peru, kisha Santiago. Umbali ulikuwa kama kilomita 8,000, na muda waliokuwa hewani ulikuwa karibu saa 30.

Saa 30 badala ya wiki mbili na zaidi. Wahudumu walipewa tuzo ya Mackay, ambayo hutolewa kwa safari ya ndege iliyotia fora kwa jeshi la Marekani katika mwaka husika. Julai mwaka huo huo, ndege hiyo ikiwa tena na Haynes, iliinua mzigo wa zaidi ya tani 14 na kuweka rekodi ya dunia. Lori la Kitonga lilikuwa polepole, lakini lilibeba.

Hata hivyo kuna kalenda, na siwezi kuiruka. Tetemeko lilitokea Januari 24. Dawa zilifika zaidi ya siku kumi baadaye. Waliokuwa wafe kwa kutokwa damu walikuwa wameshakufa. Wengi ambao pepopunda au figo zingewaua walikuwa wameshafika mwisho wao. Waliookolewa kwenye saa za kwanza waliokolewa na majirani waliochimba kwa mikono, na na madaktari na wauguzi wa Chile wenyewe. Ndivyo ilivyo kwenye kila janga ninalolisoma, popote duniani. Mzigo wa XB-15 ulikuwa na maana kwa wiki zilizofuata: vidonda vilivyooza, magonjwa ya maji machafu, hospitali zilizokuwa zimeishiwa. Maana hiyo si ndogo, ingawa kwenye picha za gazeti haionekani sana.

Wala haikuwa huruma tupu. Mwaka mmoja nyuma, Februari 1938, Marekani ilikuwa imepeleka B-17 hadi Buenos Aires kwenye sherehe za kuapishwa kwa rais wa Argentina. Dunia ilikuwa inaelekea vitani, na Marekani ilitaka majirani zake waone, na wapinzani wake nao waone, kwamba ndege zake zinafika mbali. Ndege inayoweza kufikisha dawa Santiago inaweza kufikisha kitu kingine pia. Kila aliyeiona ikitua aliuelewa ujumbe huo. Mimi naamini mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na mgonjwa aliyefungwa bendeji safi hakuwa na sababu ya kuuliza nia ya rubani.

Wakati huo huo Mexico walisaidia kwa njia nyingine. Walijenga shule Chillán, na wachoraji wao David Alfaro Siqueiros na Xavier Guerrero wakapaka michoro mikubwa kwenye kuta zake mwaka 1941 na 1942. Shule hiyo ipo mpaka leo na watoto wanasoma humo.

Babu wa Panama

Vita vya Pili vilipofika Marekani, XB-15 ilikuwa imeshazeeka. Kulingana na kumbukumbu za kazi zake, haikudondosha bomu hata moja kwa adui. Mwaka 1943 ilifungwa mlango mpana wa mizigo, ikapewa jina jipya la XC-105, ikawa ndege ya kubeba watu na vitu kutoka Panama. Askari waliipachika jina la utani lenye maana ya babu. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi ilibeba abiria zaidi ya 5,000, na barua kwa maelfu ya kilo. Mwenye ndugu vitani anajua barua ina uzito gani.

Mwaka 1945 ilivunjwavunjwa kambini Albrook, Panama. Haikuhifadhiwa kwenye makumbusho yoyote.

Lakini bawa lake liliendelea kuishi, na hapa ndipo injini zinaporudi. Boeing walichukua usanifu wa bawa lile la XB-15 wakaliweka kwenye ndege ya abiria ya kutua majini, Boeing 314, na safari hii wakalipa injini zinazostahili: nne za Wright Twin Cyclone, kila moja nguvu za farasi 1,500 hadi 1,600. Karibu mara mbili. Bawa ambalo kwenye ndege ya kijeshi lilionekana zito na lenye kujikokota likaanza kuvusha familia bahari ya Atlantiki mwaka 1939. Mafundi waliendelea kupita ndani ya bawa kwenda kwenye injini, kama awali.

Moja ya ndege hizo ilipita hata kwetu, au karibu na kwetu. Desemba 1941 ilikuwa safarini Pasifiki kuelekea New Zealand pale Japani iliposhambulia Pearl Harbor. Njia ya kurudi ikafungwa. Nahodha Robert Ford akaamriwa arudi Marekani kwa kuzunguka dunia upande wa pili. Kwanza alirudi kisiwani New Caledonia kuwachukua wafanyakazi wa kampuni yake na familia zao akawapeleka Australia, kisha akaendelea: Bahrain, kisha mto Nile pale Khartoum, kisha mto Kongo pale Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Kwa joto la pale na mafuta yaliyojaa, ndege ilikimbia juu ya mto ikikataa kunyanyuka, na ilipaa ikiwa imekaribia sana maporomoko ya maji. Ilifika New York Januari 6, 1942. Injini za nguvu 850 zingekuwa mahali pake, nadhani tusingekuwa na simulizi ya kusimulia.

Nilichomjibu

Sasa sehemu ngumu. Elimu yote ya kutengeneza ndege kubwa, iliyoanza na XB-15, ilitumika pia kwenye B-29. Ndege hiyo nayo iliteswa na injini, kwa namna tofauti: zilikuwa na nguvu ya kutosha, ila zilishika moto. Februari 18, 1943, Eddie Allen, yule yule aliyeirusha XB-15 mara ya kwanza, alikuwa akijaribu B-29 juu ya Seattle. Injini ikawaka. Ndege ikaangukia kiwanda cha nyama. Wote 11 waliokuwa ndani walikufa, pamoja na watu wapatao 20 waliokuwa chini. Miaka miwili baadaye ndege za aina hiyo ziliichoma Tokyo kwa usiku mmoja, na watu wapatao 100,000 wakafa. Kisha zikaenda Hiroshima na Nagasaki.

Dada yangu alitaka niishie kwenye dawa. Alisema mtoto wa miaka tisa haimpasi Hiroshima kabla ya kulala. Alikuwa na haki yake, yeye ndiye mama. Tulikubaliana nimwambie kwamba ndege iliyopeleka dawa ilikuwepo kweli, na kwamba wenzake waliokuja baada yake walifanya yale anayoyachora, na chini kulikuwa na nyumba zenye watoto. Sikutaja idadi.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama kweli kulikuwa na choo humo ndani.

Nikamwambia ndiyo.

Wiki iliyofuata nilikuta mchoro mwingine umebandikwa kwenye friji. Mabomu bado yapo, machache. Kwenye bawa kuna mlango, na ndani yake mtu mdogo anatambaa na spana kuelekea kwenye injini. Kwenye mkia amechora choo, na mlango wake umefungwa.